Kamba Iko Mkononi mwa Nani? Tathmini ya Safari ya Mafunzo kwenye Meli ya Matanga

Nyota nne kati ya tano. Hiyo ya tano nimeizuia makusudi na nitasema kwa nini, maana tangu turudi simu yangu haipumziki: wazazi wanataka kujua kama kumpeleka kijana kwenye meli ya matanga ni kumpa elimu au ni kumtupa baharini kwa pesa. Brosha haziwajibu. Zina picha za machweo na neno "uongozi" kila ukurasa.

Jina la meli silitaji. Kwenye meli za namna hii nahodha hubadilika, serahangi (msimamizi wa mabaharia sitahani) hubadilika, mabaharia wa kudumu nao huja na kuondoka, kwa hiyo nikiisifu leo, mwakani unaweza kupanda ukakuta watu wengine kabisa na mambo mengine kabisa. Ninachokipima ni huduma yenyewe. Kijana analipiwa ada (yetu ilibebwa sehemu na mfuko wa udhamini), anapanda meli ya milingoti mitatu akiwa hajui kutofautisha henza (kamba ya kutwekea tanga) na kamba ya kuanikia nguo, na anatarajiwa kuiendesha. Abiria hakuna.

Mimi ni muuguzi. Nilienda kwa sababu mtoto wa kaka yangu, miaka 16, alipata nafasi, na meli ile huacha vitanda vichache kwa watu wazima wanaokubali kufanya kazi ileile ya vijana, zamu zilezile, bila upendeleo. Yeye ananiita Shangazi, na kabla hatujapoteza nchi kavu machoni meli nzima ilikuwa inaniita Shangazi, mpaka kiongozi wetu wa zamu, binti wa miaka 19 aliyeanza kama mwanagenzi kwenye meli hiyohiyo. Ni jambo la kipekee kuamrishwa na mtoto aliyeweza kuwa wako kwa heshima zote: "Shangazi, samahani, toa mguu kwenye hiyo kamba. Sasa hivi."

Kipimo changu ni kimoja. Kazi inapofanyika, kamba iko mkononi mwa nani?

Nauliza hivyo kwa sababu huduma hii ina sura mbili zinazouzwa kwa jina moja. Kuna meli ambako mabaharia wa kudumu hutweka tanga wenyewe, kisha vijana huitwa kuvuta hatua mbili za mwisho kamera ikiwa tayari. Hiyo ni matembezi. Na kuna meli ambako mabaharia husimama mikono nyuma, macho hayabanduki, mdomo uko tayari, lakini mikono haigusi kitu mpaka kuwe na hatari. Hayo ndiyo mafunzo, na ni magumu zaidi kwa anayefundisha kuliko kwa anayefundishwa. Yetu ilikuwa ya aina ya pili kwa sehemu kubwa.

Nitatoa mfano wa kigingi. Kando ya sitaha na kuzunguka milingoti kuna safu za vigingi, na kila kigingi kina kamba yake. Kwa meli kama ile ni kamba zaidi ya mia moja, na hazina vibao vya majina. Unazijua kwa mahali zilipo, kwa sababu usiku utazitafuta kwa mkono gizani. Namna ya kuifunga ni moja: kamba inapita chini ya kigingi, inapanda, inakatiza katikati kwa umbo la nane, inarudia, basi. Fundo la kukazia mwishoni halitakiwi. Kijana mmoja wa zamu yetu, mrefu, hodari wa maneno, aliona umbo la nane halitoshi, akapiga na fundo juu ili kamba "isitoroke". Serahangi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake na alimwona tangu mwanzo. Hakugusa. Alimwacha amalize, akangoja tanga lijae upepo na kamba ikaze, ndipo akauliza: "Tukihitaji kulegeza sasa hivi, utachukua muda gani?" Kijana akaanza kufungua. Fundo lilikuwa limelowa na limejibana, kucha zikawa hazipati pa kuingia. Alihangaika, sisi tukitazama, na yule mzee mikono iko mifukoni. Lilipofunguka hatimaye, akaambiwa afunge upya, akafunga inavyotakiwa. Mhadhara haukuwapo. Serahangi angeweza kuimaliza kazi ile kwa kufumba na kufumbua, na kila mtu sitahani alijua hivyo. Kulipia kitu cha namna hiyo sioni uchungu.

Mfano mkubwa zaidi ni siku tulipojaribu kubisha, yaani kuigeuza meli omo yake, sehemu ya mbele, ipite kwenye upepo. Meli ya foromali (ile miti iliyolazwa kukata mlingoti, inayobeba matanga) si mashua, haigeuki kupita kwenye upepo kwa kusukuma usukani tu. Tanga la galme, mlingoti wa nyuma, linavutwa kuelekea joshini, upande unakotoka upepo, ili lisukume tezi (nyuma ya meli), demani, zile kamba za kudhibiti matanga ya omo, zinalegezwa, na wakati hasa omo inapopita upepo, foromali za mlingoti mkuu zinazungushwa kwa kamba zake, watu kumi na zaidi wakivuta kwa pamoja. Ukiwahi, umeharibu. Ukichelewa, umeharibu. Mara ya kwanza tulichelewa. Meli ilisita, matanga yakapiga kelele ya kutisha, kisha ikaanza kurudi kule ilikotoka. Injini ilikuwepo, na nahodha angeweza kuiwasha tukamaliza kwa dakika chache, tukaenda kula. Alisema tu: "Tutaijenga kasi, tutarudia." Tukarudia. Ilipopita, mtoto wa kaka yangu, ambaye nyumbani kutoa takataka ni mjadala wa nusu siku, alikuwa mkiani mwa kamba ya foromali akivuta huku amekaa kabisa kwenye sitaha, miguu imekita ukutani, akipiga kelele za furaha ambazo sijazisikia tangu awe na miaka mitano.

Amri wakati ule inatoka mdomo mmoja. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na pale unaielewa methali hiyo kwa mgongo. Vijana walijifunza kunyamaza kazini haraka kuliko walivyojifunza jambo lingine lolote.

Sasa zamu, na hapa nina haki ya kusema kwa kirefu, maana zamu za usiku ndizo zilizonilea kazini. Mpangilio wao ni wa kale: vikundi vitatu, saa nne kazini, saa nane nje. Jioni zamu moja hukatwa vipande viwili vya saa mbili mbili ili mzunguko usogee, kikundi kimoja kisibebe usiku wa manane safari nzima. Wetu tulianza na saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri. Ndani ya zamu watu wanazunguka: mmoja usukani, mmoja mlinzi kule omo, mmoja doria, waliobaki tayari kwa matanga. Doria si kutembea tu. Unashuka kutazama maji ya ngama (yanayokusanyika chini kabisa ya meli), unanusa kama kuna moshi chumba cha mitambo, unahakikisha hakuna kilicholegea sitahani, unahesabu watu, kisha unaandika daftarini pamoja na mwendo, upepo na kipimo cha hewa. Kila saa. Kijana wa miaka 17 anaandika, anatia sahihi, na afisa wa zamu anasoma alichoandika.

Makabidhiano yalinigusa kuliko machweo yote ya brosha. Zamu inayotoka inasimama, inayoingia inasimama, na mwanagenzi mmoja (si baharia) anatoa taarifa: tunaelekea wapi kwa dira, upepo uko upande gani na umebadilikaje, matanga gani yametwekwa, taa gani zinaonekana na ziko upande gani, nani anaumwa. Kisha anauliza kama kuna swali, na hatoki mpaka aliyeingia arudie mwelekeo wa dira kwa mdomo wake. Nimekaa kwenye makabidhiano ya watu wenye vyeti ukutani ambayo hayafiki hapo. Usiku mmoja msichana mdogo kuliko wote alisahau kutaja taa ya meli iliyokuwa nyuma yetu, na aliyemkumbusha alikuwa mwenzake wa rika, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mwenzake kiatu chake kimefunguka. Kitu kama hicho hakifundishwi kwa mihadhara.

Usukani wenyewe ni somo la subira. Meli inakawia kujibu. Unauzungusha, hakuna kinachotokea, unauongeza, ghafla omo inaanza kukimbia na haisimami. Wageni wote hufanya hivyo, njia yetu ya maji usiku ule wa kwanza ingefanana na nyoka. Kiongozi wetu alisimama begani kwangu: "Shangazi, usiikimbize sindano. Chagua nyota, tazama hiyo. Na rudisha usukani kabla hujafika, ukingoja ufike umechelewa." Ilinichukua muda. Vijana walishika upesi kuliko mimi, na walihakikisha najua.

Kupanda mlingotini ndiko kila mzazi anakokuulizia kwanza. Kwanza, si lazima. Kwenye meli yetu hilo lilisemwa mapema na likaheshimiwa. Msichana mmoja alikataa siku ya kwanza, akakataa siku zote, akashuka bandarini hajapanda hata ngazi tatu, na hakuna aliyemfanyia semina ya kushinda hofu. Alivuta kamba chini kama wengine. Pili, kuna utaratibu. Unavaa mshipi wa usalama, unakaguliwa na mtu mwingine, mifuko inatolewa kila kitu, maana kalamu ikimponyoka mtu juu inafika chini kama risasi. Unapanda upande wa joshini, ili upepo ukubandike kwenye ngazi badala ya kukung'oa. Mkono mmoja wa kazi, mmoja wa roho yako. Mazoezi ya kwanza hufanyika meli ikiwa imetia nanga.

Ukifika kwenye foromali, unasimama juu ya kamba inayoning'inia chini yake, tumbo limelala juu ya mti, mikono inakusanya tanga. Na hapa kuna jambo ambalo hakuna picha inayolionyesha. Ile kamba ya miguu ni moja kwa watu wote wa upande ule. Mtu akiikanyaga, inashuka alipo yeye na kuwapandisha wengine wote. Usipotarajia, moyo unabaki hewani. Kwa hiyo anayeingia analazimika kutangaza: "Naingia!" na anangoja waliotangulia wajibu ndipo aweke mguu. Mtoto wa kaka yangu ni kijana anayeingia chumbani kwa watu bila kubisha hodi. Pale juu nilimsikia akitangaza, akangoja, akatangaza tena kwa sababu upepo ulimeza sauti ya kwanza, akangoja tena. Mguu wake ulikuwa hewani muda wote. Halafu wakajibu, akaingia, na tanga lililolowa, gumu kama ubao, likaanza kukunjwa kidogo kidogo kwa vidole.

Kuna waliouliza kama huu ni mtindo mpya wa kuchezea vijana. Ni wa zamani. Mashindano ya kwanza ya meli kubwa za matanga za mafunzo yalikuwa 1956, kutoka Torbay Uingereza hadi Lisbon, wakati ambapo wengi waliamini meli hizo zinaagwa. Hazikuagwa, na mashindano yanaendelea hadi leo kwa sharti kwamba angalau nusu ya walio melini wawe na umri wa miaka 15 hadi 25. Meli nyingine ni za wanamaji au walinzi wa pwani, kama Amerigo Vespucci ya Italia iliyozinduliwa 1931 au Eagle ya Marekani iliyojengwa Ujerumani 1936, na hizo hupokea wanafunzi wanaokwenda kuwa maafisa. Nyingine, kama yetu, huendeshwa na mashirika ya hisani na huchukua kijana yeyote, awe anasomea unyoaji au hesabu. Ni vizuri mzazi ajue tofauti hiyo, kwa sababu cheti utakachopewa kwenye safari kama yetu si cheti cha ubaharia. Anayetaka kazi kwenye meli za biashara bado atahitaji mafunzo ya msingi ya usalama yanayotambuliwa chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia. Yetu ilitupa karatasi yenye maili tulizosafiri na muhuri mzuri. Ya kutundika.

Niseme sasa kuhusu nyota niliyoizuia.

La kwanza ni maelekezo ya usalama ya jioni ya kwanza. Yalikuwepo yote: king'ora, mahali pa kukusanyika, jaketi la kujiokolea, mtu akianguka majini, kuiacha meli. Tatizo ni kwamba yalibanwa katika kikao kimoja, vijana wakiwa wamechoka kwa safari ya kuja, nusu bado wanatafuta vitanda vyao, na zile nguo nzito za kujikinga na maji ya baridi tulionyeshwa tu. Hakuna aliyezivaa. Mtu anayejua dharura atakwambia kwamba mwili hukumbuka kile ambacho umewahi kufanya, na kile ulichoonyeshwa hupotea king'ora kinapolia. Asubuhi iliyofuata theluthi ya zamu yetu walikuwa wanatapika. Kama king'ora kingelia wakati ule sijui nani angekumbuka zipu iko wapi.

Sisemi hivyo kutisha watu. Historia ya meli hizi ina kurasa nzito. Pamir, meli ya Ujerumani iliyobeba shayiri na wanagenzi wengi, ilizama Septemba 1957 katika Atlantiki baada ya kupigwa na kimbunga na shehena kuhama. Kati ya watu 86, walipona 6. Mwaka 2010, Concordia, meli ya Kanada iliyokuwa shule inayoelea, ililazwa na upepo nje ya pwani ya Brazili. Wote 64, wengi wao wanafunzi, walitoka wazima baada ya kukaa kwenye mashua za mpira zaidi ya siku moja. Wachunguzi wa Kanada walitaja matanga kutopunguzwa mapema na milango na matundu kutofungwa sawasawa. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa meli mara nyingi ni mlango ambao mtu aliuacha wazi kwa sababu ndani kuna joto. Ndiyo maana doria ya kila saa ninaipa sifa kubwa, na ndiyo maana kikao kile cha jioni moja hakikunitosha.

La pili ni dawa. Karibu kila mtu alikuwa amemeza kidonge cha kuzuia kichefuchefu, na vingi kati ya vidonge hivyo huleta usingizi. Fomu za afya walikuwa nazo, nzuri, zimejazwa. Lakini watu walipojipanga kuvaa mishipi kupanda mlingotini, hakuna aliyeuliza: umemeza nini, saa ngapi, unasikiaje? Kijana mmoja alikuwa anapiga miayo na kukunja mshipi wake upande usio wake. Nilimshika bega nikampeleka kwa afisa wa zamu, na nikasema niliyokuwa nayo moyoni. Kwa haki niseme hili pia: afisa hakunijibu kwa kiburi. Alimwacha kijana chini, akanishukuru, na zamu iliyofuata kiongozi wetu alianza kumuuliza kila mtu swali hilo kabla ya kupanda, akaendelea hivyo mpaka mwisho. Watu wanaosikia ni nadra. Lakini swali kama hilo halipaswi kungoja muuguzi awe amepanda kwa bahati.

Kwa jumla ugonjwa wa bahari wenyewe ulishughulikiwa vizuri. Aliyeumwa hakuachwa alale chini akivuta hewa ya mafuta. Aliletwa sitahani, katikati ya meli ambako mrama, kule kuyumba, ni mdogo, akafungwa mshipi, akapewa maji kidogo kidogo, na mara nyingi akapewa usukani, maana macho yakishikwa na upeo wa bahari tumbo hutulia. Kwa wengi ilipita baada ya siku mbili tatu. Mzazi, mjaribishe mwanao hicho kidonge nchi kavu kwanza, umwone kinamfanya nini, usingoje ajue akiwa baharini.

La tatu ni usingizi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Saa nane nje ya zamu si saa nane za kulala. Toa chakula, toa usafi wa asubuhi (kusugua sitaha, vyoo, kung'arisha shaba ambayo itachafuka tena kesho), toa darasa la ramani, toa kuitwa wote kwa ajili ya kubisha. Kijana wa umri ule anahitaji saa nane hadi kumi kwa siku, na wetu walikuwa wanapata vipande vya saa tatu. Kazi ya meli ikidai, sawa, bahari haina ratiba ya mtu. Lakini alasiri moja zamu iliyotoka usiku iliamshwa yote ili tuweke matanga yote juu, na sababu tuliijua tulipofika sitahani: kamera inayoruka ilikuwa inapiga picha za brosha. Matanga yalishushwa ilipomaliza. Siku hiyo nilipoangalia nyuso mezani nilikuwa naona nyuso za mwisho wa zamu mbili mfululizo. Kamba ilikuwa mkononi mwa vijana, ndiyo, lakini kazi ilikuwa ya mpiga picha.

La nne ni dogo, ni "kikao cha uongozi" cha jioni. Tulipewa kadi za rangi tuandike sifa za kiongozi bora. Kiongozi wetu wa zamu, ambaye saa chache zilizopita alikuwa amewapanga watu kwenye foromali gizani bila kupandisha sauti, alikaa pale akibandika kadi ya njano yenye neno "uaminifu". Nilitamani kumwombea ruhusa akalale.

Mengine ni ya kupita. Chakula kilikuwa kingi na cha moto, na kila zamu huenda jikoni kuosha sufuria, hapo mrama unapokuwa mwalimu wa pili. Vitanda ni vyembamba na vina ubao wa kukuzuia usidondoke, utaupenda ubao huo. Choo kina maelekezo marefu kuliko ya king'ora. Simu hukusanywa na hakuna anayezikumbuka baada ya muda, ila mmoja, na huyo alikuwa mtu mzima ambaye si mimi.

Kwa walezi wa vijana wenye ulemavu: kuna waliothibitisha kwamba inawezekana. Lord Nelson, iliyoanza safari 1986, na Tenacious, iliyofuata mwaka 2000, zilijengwa Uingereza tangu mchoro wa kwanza ili anayetumia kiti cha magurudumu awe baharia kama wengine, zikiwa na lifti na njia pana za sitahani. Yetu haikuwa na chochote cha namna hiyo. Vizingiti virefu, ngazi za kusimama. Uliza kabla ya kujaza fomu, na usikubali jibu la "tutaona mkifika".

Na ukiwapigia simu, usiulize kama ni salama, watasema ndiyo. Uliza nani hutoa taarifa ya makabidhiano ya zamu, baharia au mwanagenzi. Uliza mara ya mwisho waliposhindwa kubisha walifanya nini. Uliza kama vijana huvaa zile nguo za kujikinga na baridi au huzitazama tu. Anayeendesha mafunzo ya kweli atafurahi kuulizwa, ataongea mpaka salio lako liishe. Anayeuza matembezi atakurudisha kwenye brosha.

Kijana wetu ameomba kurudi msimu ujao kama msaidizi wa kiongozi wa zamu, na mimi nimewaandikia barua ndefu kuhusu dawa na usingizi. Wamejibu kwamba mazoezi ya nguo za baridi sasa yatafanyika bandarini, kila mtu akivaa, kabla ya kung'oa nanga. Nikiona kwa macho yangu nitarudi hapa kubadilisha nyota.

Mnaofunga mizigo wiki hii: mnunulieni kijana suruali yenye mpira kiunoni, isiyo na bizimu ya mkanda. Atalala kwa tumbo juu ya foromali muda mrefu, na bizimu ile inachimba.